Kupima Zinki na Chuma Kwenye Unga kwa Kifaa cha XRF cha Mkononi: Hatua kwa Hatua

Kifaa cha XRF cha mkononi, yaani kifaa kinachotambua elementi kwa kutumia eksirei, hukupa kiasi cha zinki kilichomo kwenye unga ndani ya dakika mbili, bila asidi, bila mitungi ya gesi, na sampuli inabaki kama ilivyokuwa. Kwa anayefuatilia njaa iliyofichika, yaani upungufu wa madini kwa watu ambao matumbo yao yameshiba, hili ni jambo kubwa. Unaweza kupima mamia ya sampuli kabla maabara haijakurudishia majibu ya zile za mwanzo. Ila namba inayojitokeza kwenye kioo mara ya kwanza unapobonyeza haifai kuandikwa popote. Ubora wa kipimo huamuliwa na mambo mengine: ulivyosafisha nafaka, ulivyosaga, na ulivyokifundisha kifaa kuutambua unga. Nitakaa zaidi hapo, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibika bila mhusika kujua.

1. Jua kifaa chako kinaweza nini

Ndani ya kifaa mna tyubu inayotoa eksirei. Eksirei hizo zikigonga atomu, hung'oa elektroni za ndani, na elektroni za nje zinaposhuka kujaza pengo, atomu hutoa eksirei yake yenyewe. Mwaka 1913 Henry Moseley alionyesha kwamba nishati ya eksirei hiyo hufuata namba ya atomu, kwa hiyo kila elementi ina alama yake. Chuma hujitokeza kwenye 6.40 keV (kipimo cha nishati ya eksirei), zinki 8.64, manganizi 5.90, shaba 8.05, potasiamu 3.31, kalsiamu 3.69. Kigunduzi huhesabu mipigo kwenye kila nishati, na kinachochorwa kwenye kioo kinaitwa spektra.

Kwenye vyakula vikuu, elementi zinazopimika vizuri ni potasiamu, kalsiamu, manganizi, chuma na zinki. Shaba hupimika kwa tabu, kwani nafaka huwa na miligramu chache tu kwa kilo. Seleniamu kwa kawaida ni kidogo mno. Iodini usihangaike nayo kwa njia hii.

Sasa metali zenye sumu. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, cha kadimi kwenye mchele uliokobolewa ni miligramu 0.4 kwa kilo. Risasi kwenye nafaka ni 0.2, na aseniki isiyo ya kikaboni kwenye mchele uliokobolewa nayo ni 0.2. Kifaa cha mkononi huanza kuona risasi na aseniki kwenye unga zinapokaribia miligramu 1 kwa kilo au kuzidi, na kadimi huhitaji kiasi kikubwa zaidi. Maana yake ni kwamba mchele unaweza kuvuka kikomo mara mbili na kifaa kikaandika "haijaonekana". Isitoshe, XRF huona aseniki yote kwa jumla na haiwezi kutenganisha ile isiyo ya kikaboni. Kwa hiyo usimwambie mtu chakula chake ni salama kwa sababu kifaa hakikuona kitu. Hilo ni jambo la afya ya watu, na mimi silioni kama suala la kujadiliana.

Kabla hujaanza, linganisha pia uwezo wa kifaa na kiasi unachotarajia. Ngano nzima mara nyingi ina zinki ya miligramu 25 hadi 35 kwa kilo, na hiyo inapimika bila wasiwasi. Maharagwe yana chuma cha 50 hadi 70 hivi, nacho kinapimika. Mchele uliokobolewa una chuma cha miligramu 2 hadi 5 tu, na hapo uko ukingoni kabisa mwa uwezo wa kifaa.

2. Jikinge na mionzi

Unga hutawanya eksirei kuliko kipande cha metali. Vitu vyepesi havimezi miale, huirudisha pande zote. Mtu aliyezoea kupima vyuma chakavu akashika kifaa vilevile na kukielekeza kwenye mfuko wa unga alioushika kwa mkono wa pili anajipiga mionzi pasipo sababu. Tumia stendi yenye kifuniko cha kukinga, funga kifuniko, kisha endesha kifaa kutoka kwenye kompyuta. Usishike sampuli mkononi wakati taa ya onyo inawaka. Nchi nyingi zinadai leseni na mafunzo kabla ya kutumia kifaa hiki, na anayekitumia kila siku anapaswa kuvaa kipimamionzi. Shughulikia karatasi hizo kabla ya kukusanya sampuli.

3. Chukua sampuli inayowakilisha

Dirisha la kifaa lina upana wa milimita chache tu, na kikombe hubeba gramu chache za unga. Hizo ndizo zitakazousemea mfuko mzima, kwa hiyo chota juu, katikati na chini, changanya kwenye karatasi ya plastiki safi, gawa rundo mafungu manne, chukua mawili yanayotazamana, changanya tena, gawa tena, mpaka ubaki na gramu 50 hadi 100.

Zinki na chuma havikai sawasawa ndani ya punje. Sehemu kubwa iko kwenye kiini na kwenye tabaka za nje zinazotoka kama pumba. Unga uliotikiswa safarini hujitenga, pumba juu na unga laini chini, na ukichota juu tu utapata madini mengi kuliko yaliyomo kweli.

4. Ondoa udongo, kisha thibitisha kwamba umeondoka

Hii ndiyo hatua inayoharibu vipimo vya chuma kuliko nyingine yoyote. Udongo wenye chuma cha asilimia 4, ambao ni wa kawaida tu, una miligramu 40,000 za chuma kwa kilo. Gramu moja ya udongo huo ikiingia kwenye kilo nzima ya unga, huongeza miligramu 40 za chuma. Jicho halitaiona gramu hiyo, lakini imetosha kuifanya mbegu ya kawaida ionekane mbegu bora iliyoongezewa chuma. Mtafiti wa mbegu anaweza kuchagua mmea kwa sababu ya vumbi lililoushika, akaupanda msimu baada ya msimu.

Zinki haisumbuliwi hivyo. Udongo mwingi una zinki isiyozidi miligramu mia moja kwa kilo, kwa hiyo gramu ileile ingeongeza 0.1 tu. Tofauti hii ni silaha yako. Tuseme umepima vikombe vitatu kutoka mfuko mmoja. Zinki inasoma 28, 29, 28, lakini chuma kinasoma 34, 61, 38. Kama tatizo lingekuwa mchanganyiko mbaya wa pumba na unga, zinki nayo ingeyumba. Chuma kikiruka peke yake, shuku vumbi au vyuma vya mashine ya kusagia.

Safisha hivi. Chambua mawe na takataka kwa mkono. Suuza punje haraka kwa maji ya maabara yasiyo na madini, mwaga, suuza tena. Usiloweke, maana kuloweka hutoa potasiamu na madini mengine ndani ya punje. Tandaza zikauke mahali pasipo vumbi. Unga uliokwisha kusagwa hauoshwi, na kama ulisagwa ukiwa mchafu basi chuma chake hakisomeki tena. Pima zinki, uache chuma.

Kuthibitisha usafi, tazama titaniamu kwenye 4.51 keV. Mimea huchukua titaniamu kidogo sana ilhali udongo una kiasi kikubwa, kwa kawaida kama sehemu moja ya kumi ya chuma chake. Kilele cha titaniamu kikionekana kwenye spektra ya nafaka, usikiamini chuma cha sampuli hiyo. Kinyume chake si kweli. Katika mfano wa juu, miligramu 40 za chuma cha udongo zingekuja na titaniamu ya miligramu 4 hivi, kiasi ambacho kifaa cha mkononi kinaweza kukipita bila kukiona. Kwa hiyo sampuli chache zenye chuma kingi kuliko wenzake zipeleke maabara zipimwe alumini na titaniamu kwa ICP, mashine ya maabara inayopima elementi kwenye sampuli iliyoyeyushwa, kabla hujatangaza kwamba umepata mbegu ya ajabu.

5. Kausha na saga bila kuongeza madini mapya

Nafaka iliyo ghalani ina maji ya asilimia 12 hadi 14. Maji huzimua madini na kubadili namna eksirei zinavyotawanyika. Unga mkavu wenye zinki ya miligramu 28 kwa kilo, ukiwa na maji ya asilimia 12, utakuwa na 24.6 kwa kilo ya uzito ulivyo. Pengo hilo linatosha kubadili hukumu. Kausha kwenye oveni yenye nyuzi 60 hivi hadi uzito usibadilike tena, ipoze ndani ya chombo kilichofungwa, na uandike kwamba matokeo ni ya uzito mkavu.

Mashine ya kusagia yenye visu vya chuma huacha chuma, kromiamu na pengine nikeli kwenye unga, hasa ukisaga punje ngumu kwa muda mrefu. Kinu cha akiki au mipira ya zirkonia ndiyo salama. Kama huna ila mashine ya visu, ijaribu kwanza: saga mchele uliokobolewa kwa sekunde 30, mwingine kwa dakika 3, kisha linganisha chuma. Kikipanda, umeijua mashine yako.

Zinki nayo ina maadui zake, nao ni mpira na mabati. Oksidi ya zinki hutumika kutengeneza mpira, kwa hiyo vizibo vya mpira na glavu zenye poda viweke mbali, na usihifadhi nafaka kwenye ndoo ya bati. Tumia glavu zisizo na poda na mifuko ya plastiki.

Chekecha unga kwa chekeche la nailoni, si la shaba wala chuma, upite kwenye matundu ya nusu milimita au madogo zaidi. Kinachobaki juu ya chekeche kirudishe kikasagwe tena. Ukikitupa umetupa pumba, na umetupa madini pamoja nayo.

6. Jaza kikombe

Kikombe cha sampuli hufungwa chini kwa utando mwembamba wa plastiki, polipropilini ya mikroni chache. Utando huu nao una uchafu wake, na hutofautiana roli kwa roli, kwa hiyo ukifungua roli mpya pima kikombe kitupu kwanza. Utando wenye mikunjo utupe.

Kina cha unga ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Eksirei za zinki husafiri mbali ndani ya unga kwa sababu unga ni mwepesi. Unga uliolegea ukiwa chini ya sentimita 1 hivi, sehemu ya miale hupita hadi upande wa pili na kipimo kinashuka, tena kwa kiasi kinachobadilika kikombe hadi kikombe. Potasiamu na kalsiamu hutoka kwenye tabaka ya juu isiyofika milimita moja, kwa hiyo hazijali kina, zinajali ulaini wa uso. Mimi huona njia rahisi ni uzito mmoja kwa vikombe vyote. Pima gramu zilezile, gonga kikombe mezani mara kadhaa unga ushike, kandamiza kwa upole kwa kitu cha plastiki. Wenye jeki ya haidroliki hutengeneza vidonge, na matokeo hutulia zaidi, lakini kidonge chembamba kina tatizo lilelile la miale kupita. Uzito mmoja, na kitu kilekile nyuma yake.

7. Weka mipangilio na upime

Kwa manganizi hadi zinki tumia volteji ya juu, kilovolti 40 hivi, pamoja na kichujio kinachopunguza kelele chini ya vilele. Kwa potasiamu na kalsiamu tumia kilovolti 15 bila kichujio. Mara nyingi huwezi kupata vyote viwili kwa kipimo kimoja.

Muda uwe sekunde 60 hadi 120. Shaka ya kuhesabu mipigo ni kipeuo cha pili cha idadi yake. Kilele chenye mipigo 400 kina shaka ya 20, yaani asilimia 5, na chenye 1,600 kina shaka ya 40, asilimia 2.5. Kupunguza shaka kwa nusu kunagharimu muda mara nne. Baada ya dakika mbili, muda wa ziada ni afadhali uutumie kupima kikombe cha pili cha mfuko uleule. Pima kila kikombe mara tatu ukikizungusha kidogo kila mara.

Acha kifaa kipate joto lake kabla ya kuanza, na endesha ukaguzi wa nishati ambao mtengenezaji ameuweka.

8. Tengeneza kalibresheni yako mwenyewe

Kalibresheni ni kanuni inayogeuza mipigo kuwa miligramu kwa kilo. Vifaa vingi huja na mpangilio wa udongo, wa madini ya mgodini na wa aloi. Hakuna hata mmoja uliotengenezwa kwa ajili ya unga. Udongo umejaa silika na chuma vinavyomeza eksirei, na unga ni kaboni, oksijeni na hidrojeni. Ukipima unga kwa mpangilio wa udongo utapata namba yenye desimali mbili na sura ya ukweli, lakini si kiasi kilichomo.

Kusanya sampuli 15 hadi 20 za chakula hichohicho, zenye madini machache, ya wastani na mengi. Zisage na kuzikausha kama utakavyofanya zote. Gawa kila moja mafungu mawili, moja liende maabara likayeyushwe kwa asidi ya nitriki na kupimwa kwa ICP, la pili lipite kwenye kifaa chako. Chukua mipigo ya kilele cha zinki, igawe kwa mipigo ya kilele cha mtawanyiko wa Compton (eksirei za kifaa zilizorudishwa na unga zikiwa zimepoteza nishati kidogo) kilicho kwenye spektra ileile. Mgawanyo huo hurekebisha tofauti za unyevu, kushikana kwa unga na kina kilichopungua kidogo. Kisha chora mstari, uwiano huo upande mmoja na jibu la maabara upande wa pili.

Sampuli tano usiziingize kwenye mstari. Ukishaupata, zipime kwa mstari huo uone unakosea kwa kiasi gani, na uangalie kosa lenyewe kwa miligramu. Uhusiano (korilesheni) wa 0.95 unaweza kukupendeza kumbe umetokana na sampuli mbili zenye madini mengi sana zilizouvuta mstari, huku katikati, ambako ndiko sampuli zako zote zilipo, makosa ni miligramu 8 kwa kilo.

Mstari wa ngano ni wa ngano. Maharagwe yana potasiamu nyingi zaidi, muhogo una wanga mwingi, kwa hiyo kila chakula kihakikishe upya. Punje nzima zisizosagwa zinaweza kupimwa kwa mchujo wa haraka wa mbegu, lakini kwa mstari wao peke yao.

Halafu tafuta kikomo cha ugunduzi. Jaza kikombe kwa selulosi safi au wanga safi, upime mara kumi. Usishangae kuona vilele vidogo vya chuma au nikeli hata hapo, kwani vingine vinatoka kwenye sehemu za ndani za kifaa chenyewe. Chukua mchepuko sanifu wa vipimo hivyo kumi, yaani kiasi vinavyotawanyika kuuzunguka wastani wao. Ukiwa, mathalani, miligramu 0.8 kwa kilo, kikomo cha kuona ni mara tatu yake, 2.4, na kikomo cha kutaja kiasi kwa uhakika ni mara kumi, 8. Mchele wenye chuma cha 3 unaonekana, lakini haustahili kuandikiwa namba.

9. Angalia spektra kwa macho yako

Programu hukosea pale vilele vinapogongana. Aseniki iko 10.54 keV na risasi 10.55. Ukiambiwa kuna aseniki, tafuta kilele cha pili cha risasi kwenye 12.61 kabla hujaamini. Kilele kidogo cha manganizi kiko 6.49, karibu kabisa na chuma, na kwenye vyakula vyenye manganizi nyingi na chuma kidogo kinaweza kukikuza chuma.

10. Linda ubora siku nzima

Nunua unga wa rejea ulioidhinishwa, yaani ambao kiasi cha madini yake kinajulikana. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ina SRM 1568b, unga wa mchele wenye zinki ya takriban miligramu 19 na chuma cha 7 kwa kilo, na SRM 1567b, unga wa ngano wenye zinki ya karibu 12 na chuma cha 14. Pima mmoja asubuhi, kila baada ya sampuli kumi, na jioni. Weka namba hizo kwenye grafu yake. Ikianza kutelemka, simama. Mara nyingi ni vumbi la unga juu ya dirisha la kifaa, na likifutwa mambo hurudi. Unga wa rejea ni ghali, kwa hiyo saga kilo moja ya nafaka yako, uichanganye vizuri, uitumie kwa ukaguzi wa kila saa, ule wa rejea ubaki wa asubuhi na jioni.

Kwa risasi na kadimi zilizo chini ya uwezo wa XRF, kuna vifaa vidogo vya voltametri vinavyozikusanya metali hizo kwenye elektrodi na kuzipima zinapotoka. Vinaona kiasi kidogo zaidi, ila lazima unga uyeyushwe kwanza kwa asidi. Vifaa vya mwanga wa infraredi havioni elementi moja kwa moja, hubashiri tu kupitia protini na vitu vingine vinavyoambatana nazo, na kwa zinki mimi nisingevitegemea.

11. Andika matokeo

Taja chakula, kama kilikobolewa au la, kama ni uzito mkavu, vikombe vingapi, shaka ya kipimo, na kikomo cha kifaa. Palipo chini ya kikomo andika "chini ya 8", usiandike sifuri, na usiache wazi. Chuma chenye dalili ya titaniamu kiwekee alama. Ongeza pia kwamba hiki ni kiasi kilichomo, si kiasi ambacho mwili utakipata: fitati, kemikali ya mimea inayoshika madini, iliyomo kwenye pumba na kwenye maharagwe huzuia sehemu kubwa ya zinki na chuma visifyonzwe.

Katika kila sampuli kumi au ishirini, peleka moja maabara, na mwenzake wa unga uuweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na kuandikwa. Hifadhi pia spektra zenyewe, si jedwali la namba pekee. Ukipata mstari bora wa kalibresheni baadaye, utazikokotoa upya sampuli zote bila kurudi shambani.